Nina henia ya juu ya tumbo na kilo 118: nifanye sliivu au baipasi?

#1 MamaTausi
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 34, urefu sentimita 161, uzito kilo 118. Tangu 2019 naamka usiku maji machungu yamejaa kooni, nakohoa mpaka mtoto naye anaamka. Nimemeza dawa za vidonda vya tumbo dozi baada ya dozi. Nikimaliza napata nafuu wiki mbili, hali inarudi palepale.

Mwezi uliopita nilienda kumeza kamera. Ripoti inasema: henia ya haiatasi sentimita 4, umio umechubuka LA daraja B, bakteria wa vidonda hawapo, vidonda hakuna. Miaka yote hiyo natibiwa ugonjwa nisio nao.

Nimeshaamua kufanya upasuaji wa kupunguza uzito, hapo sitafuti ushauri. Shida ni aina. Daktari wa kwanza anasema sliivu (mfuko wa chakula unakatwa, linabaki bomba jembamba), henia ataishona humohumo, nitatoka siku ya tatu. Wa pili aliisoma ripoti mara mbili, akaigeuza, akanichorea mfuko wa chakula nyuma ya karatasi, akaniambia: "Kwa umio huu nikikufanyia sliivu, baada ya miaka michache utarudi nikufanyie baipasi." Yaani ule wa kuacha mfuko mdogo na kuuunganisha na utumbo. Tofauti ya bei kati yao ni hela ya kiwanja. Na bado nataka kuzaa mtoto mmoja zaidi.

Wote wawili ni mabingwa. Nimwamini nani?

#2 Kipara_wa_Tandika
Pole dada. Samahani kwa kuuliza, henia si ndiyo ngiri? Na ngiri si ya wanaume? Babu yangu alikuwa nayo, ilishuka chini kabisa.

#3 NesiZuu
#2 Ngiri ni kitu chochote cha ndani kilichopenya mahali pasipo pake. Ya babu yako utumbo ulishuka kwenye kinena. Ya MamaTausi imepanda. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo cha msuli, na kiwambo kina tundu la kupitisha umio. Tundu likilegea, kipande cha juu cha mfuko wa chakula kinachungulia kifuani. Wanaume na wanawake wote wanapata, na unene unachangia kwa sababu tumbo lenye mafuta mengi linasukuma juu saa zote.

Mtaani ngiri limekuwa jina la kila kitu, kuanzia tumbo kunguruma mpaka nguvu za kiume, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa.

MamaTausi, swali: hayo maji yanapanda ukilala tu, au hata ukiinama kufua?

#4 MamaTausi
Hata nikiinama kufunga kamba za viatu vya mtoto. Usiku nimeweka tofali mbili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, ndiyo angalau nalala.

#5 Sauda_Kisauni
Dadangu nisikize mimi maana hii njia nimeipita. Sliivu nilifanyiwa nje ya nchi 2020, nikiwa na kilo 121. Sikupimwa kwa kamera. Niliulizwa kama nina kiungulia, nikajibu "kidogo", ikaandikwa "kidogo", kesho yake nikaingia chumba cha upasuaji. Waliponifungua wakakuta henia, wakasema wameishona.

Mwaka wa kwanza nilipungua kilo 44, nikawa natembea Nyali hadi Bamburi kwa miguu. Mwaka wa pili kiungulia kikarudi na ndugu zake. Sasa natumia esomeprazo, dawa ya asidi, asubuhi na jioni, na chakula cha mwisho nakula saa kumi na moja. Mwaka jana nilipigwa picha ya bariamu: unasimama mbele ya mashine, unapewa kikombe cha kitu cheupe kama chokaa iliyokorogwa, unakunywa huku wao wanatazama. Nami nilikiona kwenye kioo kwa macho yangu. Ile bomba yangu nyembamba imepanda kifuani, na ule weupe unashuka, unarudi, unashuka, unarudi.

Nimeambiwa dawa yake ni kugeuzwa baipasi. Kwa hiyo nitalipia upasuaji mara mbili. Nakuombea usipite hapo.

#6 Mgosi_Lushoto
Pole sana Sauda. Ila dada wa #1 asisikie upande mmoja. Mke wangu alikuwa na henia ya sentimita 2, akafanyiwa sliivu na kushonwa henia kwa mkupuo mmoja, mwaka wa nne huu. Kiungulia hakuna, dawa ya asidi, omeprazo, aliacha mwezi wa tano baada ya upasuaji. Uzito ulipungua, presha ya tumboni ikapungua, na tundu limekazwa. Mwenye shida ya Sauda anaongea sana, wale waliopona hawaandiki popote, wako shambani.

#7 NesiZuu
#6 Nakubali wapo waliopona. Lakini angalia vizuri: henia ya mkeo ni sentimita 2, ya MamaTausi ni 4. Mkeo umio ulikuwa umechubuka?

#8 Mgosi_Lushoto
Hapana, ripoti iliandika umio wa kawaida. Hapo nimekuelewa.

#9 Kipara_wa_Tandika
LA daraja B maana yake nini? LA ni Los Angeles ya Marekani au?

#10 NesiZuu
Ndiyo, ni mji huohuo, mgawanyo umechukua jina lake. Yapo madaraja A, B, C na D. A ni michubuko mifupi isiyozidi milimita 5. B ni zaidi ya hapo lakini mchubuko mmoja haujaungana na mwenzake kutoka mkunjo hadi mkunjo. C na D imeungana na kuzunguka umio. Ukiona C au D, wapasuaji wengi hata hawajadili sliivu.

B ndiyo penye mabishano, na ndiyo maana madaktari wawili wamempa majibu mawili.

#11 Takwimu_Kwanza
Naomba niweke namba kidogo, maana uzi unaenda kwa "mke wangu" na "mimi binafsi".

Finland waligawa wagonjwa 240 kwa kura, nusu sliivu nusu baipasi, utafiti unaitwa SLEEVEPASS. Matokeo ya miaka 10 yalitoka 2022. Walipowamezesha kamera, waliokuwa na umio uliochubuka ni asilimia 31 kwa sliivu na asilimia 7 kwa baipasi. Uzito nao baipasi iliongoza kiasi.

Uswisi walifanya kama hivyo kwa watu 217, SM-BOSS, miaka 5. Waliokuwa na kiungulia kabla ya upasuaji: kilizidi kwa asilimia 31.8 ya wa sliivu, dhidi ya 6.3 ya wa baipasi. Kilipotea kabisa kwa asilimia 25 ya sliivu, na 60.4 ya baipasi.

Dada, daktari wako wa pili yuko sahihi. Kwangu mimi mjadala umeisha.

#12 DaktariMstaafu_Iringa
Mjadala haujaisha, kijana. Namba zako ni sahihi, lakini soma na ukurasa wa nani aliruhusiwa kuingia. Ule wa Finland waliwaweka pembeni wenye kiungulia kikali pamoja na henia kubwa. Maana yake mtu anayekaribia hali ya MamaTausi huenda hata asingeingizwa kwenye kura. Huwezi kuchukua asilimia 31 ukambandika yeye.

Na ongeza jambo uliloliacha: mabadiliko ya umio yanayoitwa Barrett, ambayo watu wanayaogopa kwa sababu yanaweza kuzaa saratani, huko Finland yalikuwa asilimia 4 kwa sliivu na asilimia 4 kwa baipasi. Sawasawa. Kwa hiyo anayesema sliivu ni mlango wa saratani atulie kidogo.

#13 Takwimu_Kwanza
#12 Nimekubali marekebisho mzee wangu. Ila ukifikiri zaidi, kama wenye henia kubwa walitolewa na bado sliivu imefika 31, je wangeingizwa?

#14 DaktariMstaafu_Iringa
Huo ni ubashiri. Una mantiki, lakini ubashiri.

#15 Mchaga_Halisi
Mmegusa saratani ya umio. Huku kwetu Kilimanjaro tumezika wengi kwa hiyo, na sijui hata mmoja aliyefanya sliivu. Baba mkubwa hakuwa hata mnene.

#16 DaktariMstaafu_Iringa
Pole. Ile ya kwetu, kuanzia Kilimanjaro na magharibi ya Kenya mpaka Malawi, kwa sehemu kubwa ni ya aina nyingine. Inaanzia kwenye ngozi ya ndani ya umio na inahusishwa na tumbaku, pombe, na vinywaji vya moto mno. Ya Barrett inaanzia chini, jirani na mfuko, na inaletwa na asidi. Tusizichanganye. Chai ipoe kidogo kabla ya kunywa, hilo nasema kwa wote.

#17 Mchaga_Halisi
Mama yangu akisoma hapa kuhusu chai kupoa tutagombana. Asante daktari.

#18 Fundi_Bomba_Ubungo
Mimi si daktari lakini mabomba nayajua. Mfuko wa chakula ni simtanki: maji yakiingia yanapata nafasi ya kukaa. Sliivu wanakata karibu robo tatu ya simtanki na kukuachia bomba refu jembamba, na koki ya chini wanaiacha kama ilivyo. Ukisukuma maji kwenye bomba ambalo koki yake inafunguka kwa kujisikia, presha inaenda wapi? Juu. Na huko juu valvu yako ndiyo hiyo imelegea. Sioni kitu cha kubishania.

#19 NesiZuu
#18 Umeeleza vizuri kuliko mwalimu wangu. Nyongeza tu: pale juu pembeni mwa mfuko, umio unaingia kwa kona kali. Kona ile inasaidia kuzuia chakula kurudi. Sliivu ikikatwa karibu mno, kona inapotea.

#20 Msaidizi_Theatre
Nafanya kazi chumba cha upasuaji, sitaji wapi. Nadharia ya presha ni nzuri lakini haielezi kwa nini mpasuaji huyu wagonjwa wake hawalalamiki na yule wake wanalalamika. Nimeona kwa macho: sliivu iliyobanwa katikati kwenye kona ya mfuko, juu ikaachwa pana kama puto. Hiyo lazima irudishe chakula. Nyingine imejisokota kidogo kwa sababu pini zilipigwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Na henia nyingi hazionekani mpaka mpasuaji aondoe lile pande la mafuta na kuuchambua mguu wa kiwambo kushoto na kulia. Akiwa na haraka anaweka nyuzi mbili mbele, anasema ameshona.

Usiulize tu "sliivu au baipasi". Muulize anaishonaje hiyo henia, nyuma au mbele, na anauachia umio sentimita ngapi ndani ya tumbo.

#21 Sauda_Kisauni
#20 Umenigusa. Kwenye karatasi yangu ya kutoka hospitali kuna mstari mmoja tu: "henia imeshonwa." Basi.

#22 Bwana_Puto
Kwa nini ujikate? Weka puto. Hospitali ya Mloganzila wanaweka, hakuna kisu, miezi sita linatolewa. Jirani yangu kapungua vizuri tu.

#23 NesiZuu
#22 Puto ni zuri kwa anayestahili. Kwa henia kubwa, au hata ndogo yenye kiungulia kikali, haliwekwi. Limekaa ndani ya mfuko unaopanda kifuani, litasukuma asidi juu, na wiki ya kwanza watu wanatapika sana. MamaTausi ana michubuko tayari. Na kwa uwiano wa uzito na urefu wa 45 na nusu, puto la miezi sita halimfikishi mbali.

#24 Bwana_Puto
Sawa nesi, sikujua la henia.

#25 Mtaalamu_wa_Ndimu
Ndimu na tangawizi, maji ya uvuguvugu, kabla ya kula asubuhi. Siku 40. Nimemaliza.

#26 MamaTausi
#25 Kaka nilikunywa hiyo mwaka mzima. Ndimu juu ya umio uliochubuka naomba adui yangu asionje.

#27 Mpemba_Muscat
Asalaam aleikum jamaa. Niko Oman, baipasi yangu ina miaka sita. Nilikuwa na henia na umio daraja C, hapakuwa na mjadala. Mfuko wanakutengenezea kama yai dogo, mililita 30 hivi, halafu utumbo mwembamba unapandishwa na kuunganishwa pale. Mfuko mkubwa unabaki tumboni haupitishi chakula, asidi yake na nyongo vinashukia mbali, zaidi ya mita moja chini. Kwa hiyo hata henia ikirudi kidogo, hakuna cha kupanda. Usiku ule wa tatu hospitali nililala chali, mto mmoja. Nililia. Miaka minane nilikuwa nalala nimekaa.

Lakini niwe mkweli na upande wa pili. Kwenye harusi ya mpwa wangu nilikula kipande cha halua, kidogo tu, na kahawa. Dakika ishirini nikatoka jasho mwili mzima, moyo unaenda mbio, nikalazwa kwenye mkeka ndani kwa wanawake huku ngoma inapigwa nje. Sukari inamwagika kwenye utumbo kwa ghafla. Tangu hapo halua naipokea, naipitisha kwa jirani.

#28 Bi_Chuma
Mimi ni baipasi ya 2018 na nitaongeza yale ambayo #27 hajayasema. Damu. Chuma cha chakula hakinyonywi vizuri kwa sababu chakula kinapita kando ya sehemu ya kwanza ya utumbo. Mimi ni mwanamke, kila mwezi napoteza damu, nilifika hemoglobini 7. Nilikuwa napanda ngazi za ofisini nakaa kwenye ngazi ya nne. Sasa nachomwa sindano ya B12 kila miezi mitatu, vidonge vya chuma, kalsiamu, vitamini, maisha yangu yote. Siyo mwaka mmoja, maisha yote. Kabla hujasaini, uliza vidonge hivyo mjini kwako vinapatikana na ni bei gani kwa mwezi.

La pili: diklofenaki. Mgongo uliniuma, nikanunua duka la dawa kama tunavyonunua wote, nikameza siku tano. Nikapata kidonda pale walipounganisha, nikatapika kama kahawa. Ukiwa na baipasi, diklofenaki, ibuprofeni na wenzake unaagana nao. Sigara pia.

#29 Kipara_wa_Tandika
Basi kila njia ina mwiba. Dada wa watu atachagua nini sasa?

#30 Mswahili_Leicester
Mini baipasi je? Kiungo kimoja badala ya viwili, haraka zaidi. Huku naona wengi wanaizungumzia.

#31 Msaidizi_Theatre
#30 Ile aliianzisha Mmarekani Robert Rutledge 1997. Ni nzuri kwa uzito na sukari. Lakini kile kitanzi kimoja kinaleta nyongo moja kwa moja mpaka mlangoni mwa mfuko. Mwenye henia na umio mbovu, wapasuaji wengi wanaikwepa, maana kiungulia cha asidi unakituliza kwa omeprazo, cha nyongo omeprazo haikitulizi.

#32 DaktariMstaafu_Iringa
#31 Wapo wanaosema kinyume: kwamba mfuko wake mrefu hauna presha, kwa hiyo kiungulia kinapungua. Nimewasikia wote wawili kwenye mkutano mmoja wakibishana hadi chakula cha mchana kikapoa. Kwa henia ya sentimita 4 mimi mwenyewe nisingeichagua, lakini siwezi kusema wenzangu wanakosea.

Nina wasiwasi mwingine na baipasi ambao kwetu una uzito wake. Ule mfuko mkubwa unaobaki kamera ya kawaida haiufikii tena. Kwetu bakteria wa vidonda wamejaa. Hakikisheni mmepimwa na kutibiwa kabla, na kama kwenu kuna saratani ya mfuko wa chakula kwenye ukoo, mwambieni daktari. MamaTausi, hili wewe kwenu lipo?

#33 MamaTausi
Kwa baba hapana, kwa mama sijui, nitamuuliza shangazi leo. Asante sana daktari, hakuna aliyeniuliza hilo.

#34 Kijana_wa_Gongo_la_Mboto
Kwa nini asishone henia tu, akaacha mambo ya kukata mfuko? Wanazungusha sehemu ya juu ya mfuko kwenye umio kama skafu, inaitwa Nissen.

#35 NesiZuu
#34 Kwa mtu wa kilo 70 ni jibu zuri. Kwa kilo 118 mshono unabeba mzigo uleule uliolegeza tundu mwanzo, mara nyingi unaachia. Halafu akija kutaka baipasi baadaye, ile skafu lazima ifumuliwe kwanza, na hapo ndipo upasuaji unakuwa mgumu.

#36 Sindano_Tu
Na zile sindano za kila wiki, semaglutaidi? Bosi wangu kapungua kilo 20.

#37 Mswahili_Leicester
#36 Nilizitumia miezi minane nikiwa na henia. Zinafanya chakula kikae mfukoni muda mrefu. Njaa iliisha kweli, lakini mbweu za yai la mchana nilizisikia saa nne usiku. Mwenzangu kazini ana henia pia na hakusumbuliwa kabisa. Kwa hiyo sijui niseme nini. Mimi niliacha.

#38 Takwimu_Kwanza
Nimekaa nikifikiri tangu #13. Kuna jambo hatujaligusa. Inawezekana wengi wanaosema "sliivu imeniletea kiungulia" walikuwa nacho tangu mwanzo, hakikupimwa. Sauda mwenyewe amesema hakumezeshwa kamera. Uswisi na Finland zinaonyesha tofauti kati ya aina mbili, hazisemi nani alikuwa na henia iliyojificha.

#39 Sauda_Kisauni
#38 Nilikuwa nacho kakangu. Nilisema "kidogo" kwa sababu niliogopa wakiandika "sana" watanirudisha nyumbani, na tiketi nishakata. Hilo nalibeba mwenyewe. Lakini na wao wangepima.

#40 Mama_Mapacha
Kuhusu mtoto, hakuna aliyemjibu. Mimi nilizaa baada ya baipasi. Niliambiwa nisubiri miezi 12 mpaka 18, uzito utulie kwanza, kwa sababu ukiwa unapungua kwa kasi mtoto hapati vya kutosha. Na uwe makini, dada: ukipungua yai linaamka, hata mwenye mizunguko iliyovurugika anashika mimba haraka. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi baada ya baipasi, tumia njia nyingine. Kliniki nilikataa kunywa ile sukari ya kupima kisukari cha mimba, nikawaeleza kwa nini, wakanipima kwa kidole wiki nzima.

#41 Mpemba_Muscat
#40 Hapo pazuri. Na kwa wenzangu wa funga: mwaka wa kwanza daktari wangu alinizuia kufunga. Kunywa maji lita moja na nusu kwa mafunda madogo kati ya magharibi na alfajiri, na mfuko wa yai, haiwezekani. Nililipa fidia. Mwaka wa tatu nikafunga wote.

#42 Mgosi_Lushoto
Mke wangu wa sliivu alifunga mwaka wa pili.

#43 DaktariMstaafu_Iringa
MamaTausi, rudi tuzungumze kabla uzi haujahamia kwenye futari. Kamera peke yake haitoshi kwako. Sentimita 4 za kwenye kamera zinabadilika ukivuta pumzi na ukitaka kutapika. Omba picha ya bariamu, ukiwa umesimama na ukiwa umelala. Ukiweza kupata kipimo cha asidi cha saa 24, ule mrija mwembamba wa puani, kipate, na dawa za asidi uziache siku kama saba kabla. Kipimo cha mgandamizo wa umio nacho, maana umio ukiwa mvivu wa kusukuma, hata baipasi inahitaji tahadhari.

Ukiwa na majibu hayo, rudi kwa wote wawili. Mwambie wa sliivu akueleze kwa mdomo wake atafanya nini kama kiungulia kikirudi mwaka wa tatu, na nani atalipa. Mwambie wa baipasi akuonyeshe atakufuatilia vipi damu na vitamini kwa miaka kumi. Mimi naelemea baipasi. Msaidizi_Theatre anaamini mkono wa mpasuaji kuliko jina la upasuaji, na siwezi kumpinga.

#44 Msaidizi_Theatre
Naamini mkono, ndiyo. Lakini ukiniuliza kwa daraja B na sentimita 4, na mimi ningesema baipasi. Kwa mkono mzuri.

#45 Mgosi_Lushoto
Mimi bado naona sliivu iliyoshonwa vizuri ingempa nafasi, na ikishindikana baipasi ipo. Ukianza na baipasi, ni vigumu kurudi nyuma.

#46 Sauda_Kisauni
#45 "Ikishindikana ipo" ni rahisi kuandika. Mimi ndiye niliyeshindikana, na hela ya kurudi sina.

#47 Mgosi_Lushoto
Umesema kweli. Samahani dada yangu.

#48 MamaTausi
Nimesoma mabandiko yote, mengine mara tatu. Nimempigia shangazi: bibi mzaa mama alikufa kwa "uvimbe wa tumbo" 1987, hakuna anayejua wa wapi. Daktari, hilo nitalibeba kwenda nalo.

Bariamu nimepangiwa Jumanne. Kipimo cha asidi cha puani nimeuliza hospitali mbili, moja hawana, nyingine wamesema mashine ipo ila mrija umeisha. Kuna anayejua wapi Dar kinafanyika sasa hivi? Au Nairobi, nitapanda basi.

Tofali bado ziko chini ya kitanda.

#49 NesiZuu
Nakutumia ujumbe pembeni.

#50 Kipara_wa_Tandika
Dada, omeprazo unakunywa saa ngapi? Mimi nilikuwa nakunywa baada ya kula, kumbe ni nusu saa kabla. Nesi mmoja alinisahihisha duka la dawa.

#51 MamaTausi
#50 Baada ya kula. Miaka sita. Kesho naanza kabla.